Habba Soda za Amma Shekha

Mkinisikia nakohoa, tafadhalini, msiniletee habasoda. Juma lililopita, siku ya pili ya matanga ya Amma Shekha, nilikaa na wanawake kwenye sebule yake ya Ibra, huku Omani, udi umefukizwa mpaka hatuonani, na mimi kifua changu tangu hapo si kizuri. Nikakohoa. Binti mmoja, mjukuu wa jirani, mtoto mwenye adabu zake, akainuka akarudi na kijiko cha asali iliyochanganywa na habasoda, akaniambia, "Bibi, kula hii dawa, kifua yako itapona." Kifua yako! Siku nyingine ningemkalisha chini nimfundishe mpaka adhuhuri. Lakini nilikitazama kile kijiko, zile chembe nyeusi ndani ya asali, na kicheko kikanipanda. Watu wamefiwa, wanasoma, na mimi nacheka. Kisha nikalia, na kulia kwenyewe kukawa kwa kelele, mpaka binti yangu Maryam, aliyenileta kwa gari kutoka Nizwa, akanishika mkono akanitoa uani. "Mama, una nini?" Nikamwambia sina kitu. Uongo. Nilikuwa nacho, na nimekaa nacho zaidi ya miaka arobaini, na kwa kuwa mwenyewe tumeshamzika, sasa nitakisema.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, bibi harusi wa miezi mitano, nimetoka Unguja na masanduku mawili ya kanga na Kiarabu cha chuoni, cha kusomea msahafu, si cha kuombea chumvi kwa jirani. Mume wangu Saif, Mungu amrehemu, alikuwa na kazi Maskati. Huja Alhamisi, huondoka Ijumaa jioni, na siku zote zilizobaki huniacha Ibra kwa shangazi yake. Amma, ndivyo anavyoitwa shangazi huku. Amma Shekha alikuwa mjane, hakujaaliwa mtoto, mwanamke mrefu mkavu asiyepoteza neno. Ujanani aliwahi kukaa Unguja miaka saba, na Kiswahili alirudi nacho chote, ila alikitia Kiarabu pale kilipompungukia. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, ya baridi na nusu giza, yenye vyumba vitatu na ghala. Ghala lile nalinusa hata leo: tende zimeshindiliwa kwenye madebe, thomu zimesukwa na kutundikwa, na papa mkavu wa pwani ya Ashkhara ambaye harufu yake iliingia mpaka kwenye nguo zangu za harusi. Kwenye msumari, juu ya vyote, palining'inia kijifuko cha kitambaa kilichofungwa kwa uzi. Jikoni palikuwa na dirisha dogo la kuelekea kichochoroni, na mimi nikisukuma unga nyuma ya dirisha hilo ndipo nilipoyasikia yote niliyoyasikia mwaka ule, na nusu yake nikayasikia vibaya.

Kwetu kusi likimalizika watu hutazama juu, wanangoja vuli iwanyeshee kichwani ndipo wapande. Huku nilikuta watu wanatazama chini. Joto la kiangazi lilipovunjika, tende zimeshaanguliwa, wanaume walikwenda kila asubuhi kuchungulia falaji, ule mfereji wa maji unaotoka chini ya milima, wakarudi wanazungumza kwa sauti za watu wenye furaha ya kuficha. Maji yalikuwa yamepanda. Mvua ilinyesha mbali huko milimani, sisi hatukupata hata tone, lakini falaji ilijaa. Maana yake nilielezwa na Amma siku moja tunachambua mchele. Chini ya mitende, mwisho wa mfereji, kuna mashamba wanayaita awabi. Mitende hunywa kwanza; awabi hunywa kinachobaki, na miaka mitatu hapakubaki kitu. Mwaka huu patabaki. Watu watatia ngano, shayiri, thomu na vitunguu, wavune baridi ikiisha. "Na mimi awabi yangu," akasema, akaonyesha kwa kidevu upande wa chini. "Marehemu alinambia mbele ya watu, Shekha, hii ulime wewe mpaka ufe. Karatasi, hakuandika. Sasa shemegi yangu Humaid anaitaka apande majani ya ngamia wake." Akatupa jiwe la mchele uani. "Nikiwa na awabi nakula changu. Nikiikosa, nakula mkononi kwa Humaid. Unafahamu?" Nikasema nimefahamu. Nilikuwa mtoto wa mjini, kitunguu nimekijua kwenye kikapu cha sokoni, lakini kula mkononi kwa mtu nilikujua.

Na huyo Humaid hakuwa mtu mbaya wa hadithi, msinielewe vibaya. Alileta nyama kila Idi, akabisha hodi kwa adabu zote. Ila kila akija alisimama ukingoni mwa awabi akaipima kwa macho, na Amma akimwona amesimama pale huacha alichokuwa akikifanya. Majirani nao walikuwa na lao. Nilikuwa nawasikia kichochoroni, "Zinjibari, Zinjibari," na baada ya neno hilo kicheko. Hata kwa Kiarabu changu kibovu nilielewa: hawa wa Zinjibari wanajua kupika na kujipaka udi, shamba hawalijui. Nami nikaapa nitawaonyesha. Kiburi kilikuwa kingi, jamani, na akili ya kukibeba haipo.

Kuna mambo mawili niliyaona siku zile nikayapita. Chini ya mtungi wa maji Amma aliweka kisahani chenye kitambaa kilichorowa. Kila asubuhi akikifunua, akitazama, akikifunika. Mimi nikadhani ni dawa ya macho. Siku ya kumi alikifunua, akawakung'utia kuku uani kilichokuwamo, akaingia chumbani, na siku ile hakula chakula cha mchana. Juma moja baadaye kikawepo kisahani tena, na tena kikaishia kwa kuku. La pili, nilisikia kwa dirisha langu. Jirani alikuja kuomba kitu, anabembeleza, na Amma anamjibu kwa Kiarabu, mara ya kwanza namsikia mkali kwa jirani. Nilichokishika ni hiki: habba soda zipo, zimo kwenye kijifuko ghalani, lakini mwaka huu simpi mtu. Nikastaajabu. Habasoda tu! Dawa ya kifua ambayo kwetu Unguja jirani hukupa kiganja kizima na kukushukuru kwa kuiomba. Nikasema moyoni, kumbe Amma ni mchoyo hivi?

Alhamisi Saif akaja na kifua. Alikohoa tangu mlangoni, akakohoa anavua viatu, akakohoa akiniamkia. Amma siku ile alikwenda Bidiya kwa jamaa zake waliofiwa, atarudi magharibi, na mimi ndiye mwenye nyumba kwa mara ya kwanza. Lo, nilivyojiona! Nikakumbuka mama yangu anavyofanya: unaikaanga habasoda kidogo, unaitwanga, unaichanganya na asali, chupa nzima, mgonjwa anakula mwezi mzima. Nikakitungua kile kijifuko. Ndani mlikuwa na viganja viwili hivi, vichembe vyeusi vyenye pembe, safi, vimepepetwa vizuri. Nikavimimina vyote kikaangoni ili Saif achukue chupa yake Maskati. Vilipopata moto vikatoa harufu ya kitunguu, na mimi nikakilaumu kikaango, maana jana yake nilikaangia vitunguu humo. Nikatwanga, nikachanganya, nikampelekea mume wangu kijiko huku natabasamu kama nimevumbua dawa mwenyewe. Akala. Akasita. "Nasra," akasema, "mbona habasoda ya hapa ina ladha ya kitunguu?" "Kikaango," nikamjibu. "Kula." Akala kijiko cha pili kwa kuniridhisha, maskini, na cha tatu.

Kesho yake, baada ya Sala ya Ijumaa, Humaid akaja na wazee wawili. Walikaa kwenye mkeka wa barazani, wakapewa tende na kahawa, na mimi nikasimama nyuma ya mlango na birika la pili, nimeambiwa nisubiri kuitwa. Mazungumzo yalianza kwa salamu ndefu, hali, ngamia, maji ya falaji. Kisha Humaid akaipunguza sauti, na mtu wa Ibra akipunguza sauti ndipo ujue. Sikushika maneno yote. Nilishika "awabi" na "mwaka wa nne" na "haramu kuiacha ardhi ikauke." Halafu nikamsikia Amma, sauti imenyooka: "Jumatatu ni zamu yangu ya maji. Natia habba soda zangu, na nyinyi watatu muwe mashahidi. Zikiota, hii ardhi usinitajie tena maisha yangu. Zisipoota, chukua." Kikombe kiligonga sinia. Humaid akasema ni vyema. Nikabaki na birika mkononi, na kile nilichokielewa hakikukaa sawa kichwani. Kwani habasoda ya dawa inatiwa ardhini kwa nini?

Walipoondoka nikamfuata Saif chumbani, anafunga begi lake. Nikamuuliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Hizi habba soda atakazotia Amma ni nini?" "Mbegu za vitunguu," akasema. "Habba ni mbegu, soda nyeusi. Mbegu za vitunguu si nyeusi? Amma anaziita hivyo tangu zamani, basi mtaa wote sasa wanaziita habba soda za Shekha. Kila mtu hapa kitunguu chake kimetokana na kijifuko kile." Akacheka, akakohoa. "Wewe ulidhani habasoda ya kifua?" Nikasema hapana, aa, nilikuwa nauliza tu. Chupa ya asali ilikuwa mle ndani ya begi lake, imeviringishwa kwenye kanzu. Nikamwangalia mume wangu anaifunga zipu, na vitunguu vya mtaa mzima vimo tumboni mwake na ndani ya chupa ile, na mdomo wangu ukakataa kufunguka. Wallahi nilijaribu. Nilimshika mpaka mkono wa kanzu. Akadhani namlilia kwa kuondoka, akanibusu kipaji cha uso, akaenda zake kutafuta gari.

Msiniulize kwa nini sikusema. Nimejiuliza vya kutosha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mgeni, na nilishajua watakavyosema dirishani: Zinjibari ameila ardhi ya Shekha kwa kijiko. Nilimwona Amma anakula mkononi kwa Humaid, nikajiona mimi narudishwa Unguja na masanduku yangu mawili. Jumamosi asubuhi nikamwambia Amma nina haja sokoni, wanawake wananingoja. Aliniitikia bila kuniangalia. Alikuwa amekaa kizingitini, mikono mapajani, na mtu yule sijapata kumwona amekaa bure.

Chini ya mkono nilibeba doti yangu mpya kabisa, kanga ya buluu na nyeupe niliyopewa na mama kwenye kuagana. Kwa mwanamke mmoja mzee aliyeuza viungo nilichutama nikamuuliza kwa Kiarabu changu: mbegu za vitunguu, unazo? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi. "Mbegu za vitunguu?" akasema. "Nenda kwa Shekha." Nikataka ardhi ipasuke. Nikamuuliza mwingine, naye akasema nenda kwa Shekha, na akanielekeza njia ya nyumba yangu mwenyewe. Nikarudi kwa yule wa kwanza. Mbele yake palikuwa na gunia dogo la habasoda, ya kweli, ya dawa. Nikaichota kiganjani. Nyeusi, ndogo, ina pembe. Ukiiweka pamoja na mbegu za vitunguu huitambui, labda uitie mdomoni. Nikampa doti yangu, akanijazia kitambaa mpaka kikavimba, na furaha yake ilinitia uchungu. Nilipofika nyumbani nikakijaza kijifuko mpaka kiasi kilekile cha mwanzo, nikakifunga kwa uzi uleule, nikakitundika. Kutwanga yalikuwa makosa. Hili la pili lilikuwa udanganyifu, na nililijua jina lake wakati nalifanya.

Jumapili jioni Amma akaniuliza, tukila wali na mchuzi wa papa, "Ile doti yako ya buluu iko wapi? Siioni kambani." Nikamwambia nimeiweka. "Umeiweka," akasema, akaendelea kula.

Jumatatu zamu yake ya maji iliingia asubuhi, jua limeshapata urefu wa mtu. Awabi ilikuwa imelimwa, imegawiwa vijaruba kwa matuta ya udongo, na pembeni palikuwa na kitalu kidogo cheusi kwa samadi, maana vitunguu huanzia kitaluni, miche ikipata nguvu ndipo ihamishwe. Humaid alifika na wazee wake wawili, kila mmoja na bakora yake. Mimi ndiye niliyekibeba kijifuko. Nilitembea nyuma ya Amma, nikaomba Mungu alete chochote, upepo, nyoka, wazimu wangu, chochote. Amma akachutama mbele ya kitalu, akafungua uzi, akachukua chembe tatu. Sikujua. Hakuna aliyeniambia kwamba Amma kabla ya kupanda hutafuna mbegu. Akazitia mdomoni. Nilimwona anatafuna mara moja, mara mbili, kisha taya likasimama. Akageuka akanitazama. Jicho lile sikuweza kulisoma. Lilikaa usoni kwangu muda mrefu, na mimi nikasema moyoni, basi, yamekwisha, leo narudi kwetu. "Vipi, Shekha?" Humaid akauliza. Amma akatema pembeni. "Hapana kitu," akasema. Akainuka, akakiruka kitalu, akaingia kwenye awabi yenyewe, akaanza kumwaga kwa mkono mpana, chache chache, kijaruba baada ya kijaruba.

"Ya Shekha, kitalu hiki hapa!" Humaid akamwita. "Nakiona." "Habba zako hazimwagwi hivyo!" "Mkono ni wangu," akasema, na hakusimama. Mmoja wa wale wazee akaguna. Amma alipomaliza akapitisha tawi la mtende juu ya udongo kufunika, akanijia mimi niliyesimama kama gogo, akanionyesha jiwe na matambara yaliyoziba mdomo wa mfereji. "Fungulia maji," akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini. "Polepole. Yakija kwa nguvu yatazihamisha." Ndiyo maneno yake yote kwangu siku ile. Nikafungulia. Maji yakaja kwa vipande, na Amma akachutama karibu yangu akaushika mkono wangu akauongoza. Mchana alipakua chakula akanitilia kipande kikubwa cha papa, kile chake. Afadhali angenipiga.

Siku zilizofuata sizitakii adui yangu. Kila asubuhi tulikwenda sote wawili, yeye mbele mimi nyuma, tukachutama, tukatazama udongo. Ulikauka, ukapasuka, tukangoja zamu nyingine, tukanywesha. Ndege shore walikuja, tukawafukuza kwa makopo. Siku ya nane hapana kitu. Siku ya tisa hapana kitu. Saif alikuja na kwenda, kifua kimepona, akanishukuru kwa dawa, na mimi nikakimbilia uani kutapika. Majirani wakadhani nina mimba, wakaniletea ndimu. Wakati wote ule Amma hakuniuliza, na mimi sikumwambia. Nililala nimekaza meno mpaka asubuhi mashavu yananiuma. Siku ya kumi na mbili tukaona utando wa kijani, mwembamba, huwezi kuapa. Siku ya kumi na tano ukawa majani. Si vijiti vya kitunguu vilivyonyooka. Majani ya nyuzinyuzi, laini, yanafanana na kotmiri.

Humaid alifika siku hiyohiyo, maana habari za majani huenda mbio Ibra. Wazee wake nao nyuma. Akachutama, akang'oa mche mmoja, akausugua, akaunusa. "Hiki si kitunguu," akasema. Nilishaanza kushika Kiarabu chao, neno hili sikulikosa. Nikajificha nyuma ya mtende, niseme kweli, nikakumbatia shina. "Sikusema kitunguu," Amma akajibu. "Umesema habba soda!" "Na hii nini?" Amma akachopoa mfukoni chembe zilizobaki, akamwekea kiganjani. "Tafuna, Humaid. Mbele ya wazee, tafuna unambie ni nini." Humaid akatafuna. Uso ukamjaa damu. "Mtaa mzima unajua habba soda zako ni vitunguu!" "Mtaa mzima haukukaa kwenye mkeka wangu Ijumaa ile. Mmekaa nyinyi watatu. Nimesema natia habba soda, zikiota usinitajie ardhi hii. Nimetia habba soda. Zimeota." Nilisikia maji ya falaji yanavyopita kwa jirani. Kisha yule mzee mkubwa, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu siku ya kwanza, akaanza kucheka, kicheko cha kifuani, akaifuta ndevu yake. "Ya Humaid," akasema, "mimi masikio yangu yameanza kuzeeka, lakini nilisikia habba soda. Twende zetu tukanywe kahawa." Humaid akasimama. Akautazama mche mkononi mwake, akauweka chini, taratibu, akaenda. Na kwa haki yake niseme, hakuitaja ardhi ile tena mpaka anakufa.

Katikati ya baridi awabi ikachanua maua ya buluu nyepesi, na watu walikuja kutazama kwa sababu hapana aliyewahi kuona kitu kile kikilimwa pale. Majirani wa dirishani wakasema Shekha ni mwerevu, dawa inapendwa kuliko kitunguu. Alivuna, akala chake, akapanda tena mwaka uliofuata na miaka yote. Mbegu ya vitunguu ile ya zamani ikapotea mtaani, watu wakanunua za pakiti, na kila nilipomsikia mtu anasema vitunguu vya siku hizi havina utamu wa vile vya Shekha, nilitazama sakafu. Yeye hakusema. Ila tangu mwaka ule, kila nikikohoa mbele yake, hata nikikohoa kwa vumbi tu, aliinua uso akaniuliza kwa upole, "Nasra, nikupe habasoda?" Miaka zaidi ya arobaini! Mbele ya Saif, mbele ya watoto wangu, kwenye harusi ya Maryam. Watu waliona shangazi anayenijali. Mimi nilimeza kikohozi changu.

Mwezi uliopita nilikwenda Ibra kumwona, nikijua ni kuagana. Chumba kilekile, kitanda cha hospitali pale palipokuwa na mkeka, kiyoyozi kinaguna. Macho yalikuwa yamekwisha, lakini akili iko palepale. Nilimmenyea chungwa, nikamlisha kipande kwa kipande, na lilipokwisha sikuwa na kitu cha kushika mkononi, basi nikasema. "Amma, zile habba zako za vitunguu, mwaka ule. Mimi nilizitwanga. Nilidhani habasoda, nikamlisha Saif na asali. Nikakutilia nyingine kwenye kijifuko nikakuacha ukazimwage mbele ya watu." Nililisema lote kwa pumzi moja. Mkono wake ukapapasa kitandani mpaka ukaupata wangu.

"Doti ya buluu," akasema. "Nilimwona nayo yule wa viungo, Jumatano, amejifunga mpaka kichwani." Akapumua. "Zilikuwa zimekufa, binti."

"Nini zimekufa?"

"Habba zangu. Ukame miaka mitatu, sikupata kuzipanda zizae mpya. Nilizijaribu kwenye kitambaa mara mbili. Haikuota hata moja. Ningemwendea nani, wote wanakuja kwangu? Mtaa unasema habba za Shekha hazifi. Humaid akanibana mbele ya wazee, ulimi ukatangulia. Siku ile nilikuwa nakwenda kumwaga mbegu mfu, kisha nikae ningoje aje aichukue. Nikatafuna, nikaona kitu kinaniwasha ulimi, kizima." Akaubana mkono wangu. "Nikakutazama, nikasema, alhamdulillah, huyu mjinga ameniokoa."

Kisahani chini ya mtungi, kuku wanadonoa uani, jirani anayerudishwa mikono mitupu. Yote niliyaona kwa macho yangu. "Amma," nikasema, "miaka yote hii nimebeba dhambi. Mbona hukunambia?"

"Na mimi nilikuwa nimebeba aibu yangu. Nilikuwa nangoja uanze wewe."

Kisha akakohoa, kikohozi kidogo kikavu, na mimi, bila kujua nimelitoa wapi, nikamuuliza kama nimletee habasoda. Amma Shekha akacheka bila meno, mabega yanamtikisika.

"Lete," akasema. "Lakini itafune kwanza."